Naishi Texas, bosi yuko New York, mbona nakatwa kodi ya New York?

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Fort Worth, nalifupisha kidogo. Alikuwa anakaa Bronx, ndani ya jiji la New York, kazi yake ni bilingi, yaani kuandaa bili, kwenye kampuni yenye ofisi Manhattan, Agosti 2023 akahamia Texas kumfuata dada yake, kampuni ikamwambia sawa endelea na kazi ukiwa nyumbani, na kila baada ya miezi mitatu anapanda ndege anaenda ofisini siku mbili tatu anarudi. Hajaolewa, hana mtoto, mshahara dola 84,000. W-2 yake ya mwaka 2024, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato, boksi 15 imeandikwa NY, boksi 16 mshahara wote mzima, boksi 17 imekatwa kama dola 4,000, na pembeni yake tena kuna makato ya jiji la New York. Anauliza: "Kaka, Texas hakuna kodi ya jimbo, kila mtu ananiambia nifaili nirudishiwe hela zangu zote, ni kweli? Alafu nikienda Tanga kwa mama miezi miwili nikawa nafanyia kazi kule, hizo siku si hawana cha kunidai?"

Dada nikupe jibu la mkato kwanza. Ile dola 4,000 ya jimbo, kwa hali yako ilivyo sasa hivi, New York sheria yao inawapa, ukifaili kuomba irudi yote utapata barua na hautaipenda. Ila ile ya jiji, boksi 19, ambayo kwa mshahara kama wako inafika karibu dola 2,800, hiyo ni yako na inatakiwa irudi yote. Kwahiyo hela ya kurudi ipo, ni vile wanaokushauri wote wanakuonyesha boksi siyo.

Sasa turudi nyuma kidogo ili uelewe kwanini, maana hao wanaokuambia urudishiwe zote hawajakosea sana, wanasema kanuni ya kawaida ambayo karibu nchi nzima ndiyo inafuata. Kanuni ni kwamba jimbo linakutoza kwa sababu mbili tu, ama wewe ni mkazi wake, na hapo linatoza kila unachoingiza popote ulipokiingizia, ama mwili wako ulikuwa ndani ya jimbo hilo wakati unafanya kazi, na hapo linatoza kile kipande tu ulichofanyia pale. Ofisi ya bosi iko wapi, hundi inatoka benki ya wapi, kampuni imesajiliwa wapi, hayo hayahusiki. Ndiyo maana mtu wa Houston anayefanya kazi rimoti kwa kampuni ya San Francisco hadaiwi na California kwa siku alizokaa mezani kwake Houston, pamoja na sifa yote ya California ya kupenda kodi. Akienda San Francisco wiki moja kwenye mikutano, wiki hiyo California wanaitaka, basi. Na kinyume chake pia, kuna watu wanakaa Bronx wanapata kazi kampuni ya Dallas wanashangilia kwamba wamekwepa kodi, hapana, wewe mkazi wa New York unalipa New York kwa kila senti hata kama bosi yuko mwezini.

Kwa wewe uliyehamia Texas hesabu ingekuwa nyepesi kabisa. Majimbo yasiyo na kodi ya mshahara ni tisa: Texas, Florida, Tennessee, Nevada, Washington, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Ukikaa kwenye moja ya hayo na mwajiri wako yuko jimbo la kawaida, na huendi kwao kikazi, hudaiwi kodi ya jimbo kabisa, unabaki na ile ya serikali kuu ya Washington DC pamoja na Social Security na Medicare, ambazo hazibadiliki hata ukihamia wapi.

Tatizo lako ni kwamba bosi hayuko jimbo la kawaida. New York wana kitu watu wa kodi wanakiita kanuni ya urahisi wa mwajiri, na inafanya kazi hivi: kama ofisi yako ya kikazi iko New York na wewe unaishi nje, kila siku unayofanya kazi nje ya New York wanaihesabu kama umeifanyia New York, isipokuwa uonyeshe kwamba siku hiyo ulikuwa nje kwa sababu kazi yenyewe ya mwajiri ilikulazimisha kuwa nje. Siyo kwa sababu umependa, siyo kwa sababu meneja amekubali, siyo kwa sababu pango la nyumba Fort Worth ni nafuu. Wanauliza swali moja tu, hii bilingi lazima ifanyikie Fort Worth, au ingeweza kufanyikia kwenye meza ya Manhattan ila wewe Fort Worth ndiko kunakokufaa? Na hapo dada, tuseme ukweli, bilingi unaweza kufanyia popote penye intaneti, kwahiyo jibu ni lile wanalolitaka wao.

Kuna kesi moja inakufaa uijue kwa sababu inafanana na yako mno. Thomas Huckaby alikuwa mtu wa programu za kompyuta, anaishi Nashville, Tennessee, mwajiri wake yuko Queens. Tennessee mshahara hautozwi kama Texas. Miaka ya 1994 na 1995 alikuwa anaenda New York kama robo ya muda wake, robo tatu anafanyia nyumbani, akafaili kodi ya New York kwa robo ile tu, ambayo ukiniuliza mimi ndiyo haki ya Mungu. New York wakasema hapana, tunataka asilimia 100. Akaenda nao mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, mwaka 2005 majaji wanne wakasema New York wako sawa, watatu wakasema wamekosea, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Kwahiyo kura moja ya mwaka 2005 ndiyo inayokukata wewe mwaka 2024. Na mwingine ni profesa wa sheria anaitwa Edward Zelinsky, anaishi Connecticut anafundisha Manhattan, alishindwa mwaka 2003, ikaja korona chuo kikafungwa mwaka 2020 akasema sasa hapa hata mimi sikuchagua kukaa nyumbani, akafungua kesi upya, mwaka 2023 jaji wa kodi akamkatalia tena. Huyo ni profesa wa sheria, na somo lake ni kodi. Nakuambia hivyo usije ukadhani barua nzuri ya kurasa mbili itawatisha.

New York siyo peke yao. Pennsylvania, Delaware na Nebraska nao wana kanuni ya namna hiyo, kila mmoja kwa mtindo wake. Connecticut na New Jersey wao wameiweka kama ya kulipiza kisasi, wanamtoza tu mtu anayetoka jimbo ambalo nalo linafanya hivyo, New Jersey waliipitisha 2023 baada ya kuchoka kuona hela za watu wao zinavuka mto Hudson. Majimbo mengi yaliyobaki hayana habari na hayo.

Sasa nini unaweza kufanya, hapa ndipo nataka usome taratibu.

Kwanza, boksi 16 isikutishe. New York wanawataka waajiri waandike mshahara wote pale hata kwa mtu anayefanya kazi sehemu ndogo tu New York, mgawanyo wenyewe unafanyika kwenye ritani, yaani zile fomu za kodi unazofaili. Wewe utafaili fomu IT-203, ile ya wasio wakazi, na nyuma yake kuna IT-203-B ambayo ndipo unahesabu siku. Unaweka siku zote za mwaka ulizokuwa kwenye ajira hiyo, unatoa wikendi, sikukuu, likizo na siku za kuumwa, alafu zile zilizobaki unazigawa, za New York na za nje. Za Fort Worth kwa kanuni hii zinaingia upande wa New York, inauma lakini ndivyo. Ila kama kampuni ilikutuma wiki moja Atlanta kwa mteja, au ulienda mafunzo Chicago kwa agizo la bosi, hizo ni siku za nje za halali kabisa na watu wengi wanasahau kuzitoa. Tuseme mwaka mzima umefanya kazi siku 230 na 10 kati yake zilikuwa safari za kutumwa hivyo, basi New York wanapata 220 juu ya 230. Siyo hela nyingi, kama dola 170 na kitu, lakini ni hela. Weka imeili ya kukutuma, tiketi na risiti ya hoteli, maana wakiandika barua ndivyo vitu wanavyoomba.

Usifanye kile ambacho naona watu wanafanya kila msimu, programu ya kufailia inauliza "ulifanya kazi siku ngapi New York?" mtu anaandika 9, anaona refandi inapanda mpaka dola 3,800 anashangilia anabonyeza kutuma. Kompyuta za idara ya kodi ya New York kule Albany zinaona W-2 ya mwajiri wa Manhattan na mtu wa Texas anayesema siku 9, barua inakuja, na kama hela ulishapewa unazirudisha na riba na pengine faini juu.

Pili, na hili ndilo lenye hela ya kweli huko mbele, ni kubadilisha ofisi yako iwe wapi kwenye makaratasi na kwenye ukweli pia. Kanuni inashika kwa sababu ofisi yako ya kikazi inahesabiwa kuwa Manhattan. Muulize HR, mtu wa utumishi: kampuni ina tawi lolote Texas? Hata Dallas lenye watu wanne. Kama lipo, omba uhamishiwe pale rasmi, bosi wako wa karibu awe wa pale au angalau una meza pale unaenda, na mfumo wa peiroli, ule wa kulipa mishahara, ukuonyeshe hivyo. Hapo siku zako za Texas zinakuwa za Texas, na New York wanabaki na zile siku chache za kila robo mwaka unapoenda kweli.

Kama hakuna tawi basi njia inayobaki ni nyumba yako kutambuliwa kama ofisi halisi ya mwajiri. Inawezekana lakini ni ngumu makusudi. Waraka wa New York wa mwaka 2006 umeweka vigezo: ama nyumbani au karibu na nyumbani kuna vifaa maalumu vya kazi ambavyo mwajiri hawezi kukuwekea ofisini, mfano wa aina hiyo ni mtu anayehitaji maabara au uwanja wa majaribio, sisi wa kompyuta hatumo, ama utimize vinne kati ya sita vya daraja la pili na vitatu kati ya kumi vya daraja la tatu. Vya daraja la pili ni kama kufanya kazi nyumbani kuwa sharti la ajira lililoandikwa, mwajiri kuwa na sababu ya kibiashara ya kutaka mtu awepo Fort Worth, kazi zako za msingi kufanyika hapo, kukutana na wateja hapo mara kwa mara, mwajiri kutokuwa na nafasi ya kukaa kwako kwenye ofisi zake za kawaida, na mwajiri kukulipa gharama za hiyo ofisi ya nyumbani. Vya daraja la tatu ni vidogovidogo, laini ya simu ya kazi, anwani ya nyumbani kwenye kadi za kampuni, bima, chumba kinachotumika kwa kazi tu, kumbukumbu za kampuni kukaa hapo. Ukikaa ukazipiga hizo tiki utaona kwamba mkubwa wa kukubali ni kampuni, siyo wewe. Barua ya HR inayosema "tumemruhusu kufanya kazi nyumbani" inakumaliza, neno kuruhusu ndilo wanalolitafuta Albany. Barua inayosema nafasi hii ipo Texas, tunamhitaji awe Texas kuhudumia wateja wa kule, na ofisini Manhattan hana meza, hiyo ni karatasi yenye maana, ila iwe kweli. Msiandike uongo mkapeana.

Na zile safari zako za kila robo mwaka nazo zina bei. Kanuni hii imeandikwa kwa mtu anayefanya kazi ndani na nje ya New York. Mtu ambaye mwaka mzima hakukanyaga New York kikazi, kazi yake yote kaifanyia nje, hoja yake ina nguvu kuliko yako, japo New York hawatamwachia kirahisi kama bado ameandikwa kwenye ofisi ya Manhattan. Sikuambii ukatae kwenda, kazi ni kazi, ila kama mikutano yenyewe inaweza kufanyika kwenye skrini mwambie meneja wako.

Haya, boksi 19. Kodi ya jiji la New York ni ya wakazi wa jiji tu. Zamani na waliokuwa wanaingia kutoka nje walikuwa wanakatwa kidogo, ikafutwa mwaka 1999. Wewe tangu Agosti 2023 siyo mkazi wa Bronx wala mtaa wowote wa jiji, kwahiyo hakuna kanuni ya urahisi wala nini inayogusa hapo, kampuni imeendelea kukukata kwa sababu anwani kwenye peiroli hawakubadilisha, au walibadilisha ya kutuma barua tu. Kwenye IT-203 kuna mstari wa makato ya jiji, unaijaza kama hela uliyolipa, kodi ya jiji unayodaiwa ni sifuri, inarudi. Alafu wahi peiroli uwape fomu IT-2104.1, ni cheti cha kusema mimi siyo mkazi wa New York wala wa jiji, waache kukata ya jiji kuanzia hundi inayofuata.

Na mwaka 2023 je? Kama ulifaili kama mkazi wa mwaka mzima, maana wengi wanafanya hivyo wakiona W-2 moja tu, basi umelipia jiji kuanzia Agosti mpaka Desemba bure. Unaweza kurekebisha, muda ni miaka mitatu tangu ulipofaili, ritani ya 2023 iliyofailiwa kwa wakati dirisha lake linafungwa Aprili 2027. Uwe tayari kuonyesha umehama kweli: leseni ya Texas, mkataba wa nyumba, kadi ya kupigia kura kama unayo, bili za umeme, risiti ya gari la kuhamishia vitu. Na kama ile apatimenti ya Bronx bado iko kwa jina lako anakaa mpwa wako, niambie mapema kabla hatujatuma kitu, maana hapo wanaanza kuuliza umehama au umesafiri.

Tanga sasa. Najua jibu unalolitaka. Kwa kanuni ile ile, siku utakazofanyia kazi Tanga ni kwa kupenda kwako, kampuni haijakutuma kuhudumia mteja Raskazone, kwahiyo New York wanazihesabu za kwao kama wanavyohesabu za Fort Worth. Siku za likizo ya kweli, umefunga laptopu unakula na mama, hazihesabiwi kokote, zinatoka kwenye hesabu nzima. Na usiende kimya kimya ukadhani hawataona, kampuni nyingi zinafunga akaunti ya mtu akiingia kutoka nchi nyingine, hasa nyie wa bilingi wenye taarifa za wagonjwa na kadi za watu. Omba kibali kwa maandishi, na uliza na upande wa Tanzania kuhusu kibali cha kufanya kazi ukiwa kule kama siku hizi una pasipoti ya Marekani.

Kwa wengine mnaosoma hili na hamko Texas, mambo yenu yanaweza kuwa nafuu kidogo. Mtu wa Jersey City anayefanyia nyumbani kwa kampuni ya Manhattan, New York watamkata vile vile, lakini New Jersey inampa punguzo la kile alichowalipa New York, mwishoni analipa kiasi cha jimbo lenye kodi kubwa, siyo mara mbili. Ritani ya New York inatengenezwa kwanza, ya nyumbani inafuata, ukianza kinyume hesabu hazifungi. Texas kwenye hili ni kama baba wa kambo mpole, hakudai kitu lakini pia hana punguzo la kukupa, kwahiyo unaumia zaidi ya aliyekaa kwenye jimbo lenye kodi, kichekesho hicho. Na wewe dada ukiwaza kuhama tena, usidhani kila jimbo litakupa hilo punguzo. Yapo yanayosema siku hizo ulifanyia kazi kwetu, New York hawakuwa na haki nazo, sisi hatupunguzi, na huyo profesa Zelinsky ndiko alikoanzia, Connecticut ya wakati ule ilimkatalia. Uliza kabla hujasaini mkataba wa nyumba.

Jamaa wa Nashua, New Hampshire, wenye kazi Boston, Massachusetts, wao wamepona. Massachusetts wakati wa korona waliwatoza hata wakiwa wamekaa nyumbani, New Hampshire ikawapeleka Mahakama Kuu, mahakama mwezi Juni 2021 ikakataa kuifungua kesi, lakini ile kanuni ilikuwa ya muda na Septemba mwaka huo huo ikaisha. Leo siku ya Nashua ni ya Nashua, wanalipa kwa siku walizokwenda Boston tu. Na walioko kwenye majimbo yenye makubaliano, kama Pennsylvania na New Jersey, au Virginia na Maryland na DC, wao wanalipa wanapoishi tu kwenye mshahara, kazi yao ni kumpa mwajiri fomu sahihi ili asiwakate upande mwingine.

Kwahiyo wiki hii dada fanya mawili, IT-2104.1 iende peiroli, na imeili moja kwa HR kuuliza kama kuna tawi Texas na kama nafasi yako inaweza kuandikwa huko. Ritani ya 2024 kama hujaifaili usiitume na zile siku 9, na kama ulishaituma hivyo tuirekebishe kabla hawajaandika wao, riba inakuwa ndogo ukiwahi.